Kufunga mikanda na plau ya theluji kwenye Argo ya matairi nane

Anza na mikanda, ile inayovalishwa juu ya matairi kama ya katapila; plau, yaani bamba la kusukumia theluji, ifuate. Watu wengi hufanya kinyume, na sababu inaeleweka: theluji ya kwanza ikianguka, kila mtu anawaza atatokaje uani kwake, kwa hiyo plau inafungwa Novemba. Januari theluji ikifika magotini, matairi yanaanza kuteleza na mikanda inatafutwa. Ikishafungwa, gari limenenepa, bamba la plau halifuniki tena upana wake, na fremu ya kusukumia inagusana na mikanda kila unapokata kona. Mimi nilifanya hivyo msimu wangu wa kwanza huku Ontario. Nikalazimika kufungua kazi yote ya siku mbili na kununua bamba jingine. Nisingependa wewe uingie gharama hiyo.

Kwa asiyelijua gari hili: Argo ni gari dogo la matairi sita au nane linalotembea nchi kavu na kuelea majini. Limeanza kutengenezwa New Hamburg, hapa Ontario, mwaka 1967. Bodi yake ni kama beseni moja kubwa la plastiki ya polithilini, jamaa ya ile ya matangi ya maji tunayoyajua nyumbani, na ndani ya beseni hilo kuna fremu ya chuma inayobeba injini, gia na ekseli. Matairi yote yanazungushwa kwa cheni. Halina usukani wa kugeuza matairi ya mbele. Ukitaka kwenda kushoto, upande wa kushoto unapunguzwa mwendo na ule wa kulia unaendelea, kama katapila. Lilibuniwa likanyage chini kwa wepesi, matairi yakiwa na upepo mdogo sana. Wewe sasa unataka lisukume tani za theluji, kazi ambayo ni ya trekta. Linaweza, mradi nguvu zote za plau ziishie kwenye chuma na zisiguse plastiki, na mradi cheni na beringi ziwe nzima kabla hujaanza.

Kabla ya kufungua hata nati moja

Kama unafanyia kazi ndani ya gereji, usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dakika mbili za kusogeza gari. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri inamshawishi mtu kufunga kila tundu, na moshi wa eksozi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kila mwaka inaua watu katika nchi za baridi. Weka king'ora cha gesi hiyo ukutani. Bei yake ni ndogo.

Osha gari, likauke, kisha ingia ndani na tochi. Kagua cheni moja moja: ikilegea kupita kiasi inaruka meno ya sproketi siku ukisukuma theluji nzito, na ikikatika ukiwa katikati ya ziwa hutasahau siku hiyo. Shika kila tairi kwa mikono miwili, litikise ndani na nje. Likicheza, beringi imechoka. Badilisha sasa, maana ukishafunga mikanda kulifikia tairi moja ni kazi ya nusu siku. Piga grisi beringi zote za ekseli mpaka uone grisi mpya ikichungulia. Hiyo grisi ndiyo inayozuia maji na matope kuingia.

Halafu pima matairi. Hatua hii wengi wanaipita, nami naishikilia kuliko zote. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kwenye tairi katikati ya kashata, andika mzunguko kwa chaki ubavuni mwa tairi. Fanya hivyo kwa yote nane. Matairi ya upande mmoja yanazungushwa kwa mwendo mmoja na yatavalishwa mkanda mmoja. Tairi moja likiwa kubwa kuliko wenzake kwa sentimita mbili, linataka kwenda mbali zaidi kila mzunguko, na wenzake hawaliruhusu. Ugomvi huo unamalizikia kwenye cheni na ekseli. Ongeza au punguza upepo mpaka vipimo vilingane. Tairi lisilokubali kulingana kabisa, libadilishe.

Kufunga mikanda

Kuna mikanda ya plastiki iliyoundwa kwa vipande vilivyoungwa kwa pini, na kuna ya mpira, mipana zaidi. Kwa theluji laini ya kina kirefu chagua ile mipana ya mpira. Uzito unatandazwa kwenye eneo kubwa, na gari linapita juu ya theluji ambayo mtu angezama hadi kiunoni. Ila upana huo una masharti yake: tairi linasogezwa nje, mzigo unaning'inia mbali na beringi, kwa hiyo mikanda mipana huhitaji virefushi vya beringi vinavyokaa kwenye ekseli kati ya bodi na tairi. Usivikwepe kwa kuokoa pesa. Ekseli ikipinda, bei yake na jasho lake vitakuzidi.

Fanya upande mmoja kwanza, wote, ndipo uhamie wa pili. Inua gari kwa jeki ukiwa umeweka ubao mpana chini ya fremu ya chuma. Jeki ikisukuma plastiki moja kwa moja, itaitoboa au kuipasua, na baridini plastiki haina huruma. Weka vigogo imara, ndipo uondoe matairi. Piga ekseli brashi ya waya, ipake grisi ya kuzuia kutu kushikana, vaa virefushi, rudisha matairi, kaza nati kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Sasa shusha gari na utandike mkanda sakafuni mbele yake, sehemu yenye vilindo ikitazama juu. Vilindo ni yale meno mawili mawili yanayolishika tairi ubavuni ili mkanda usichomoke. Angalia mshale wa mwelekeo. Ukiuweka kinyume utajua ukiwa barafuni, ukikosa nguvu ya kupanda ukingo. Sogeza gari polepole juu ya mkanda, mtu mmoja akielekeza kwa mkono akiwa mbali na mikanda, mpaka tairi la nyuma libakize kipande kifupi tu nyuma yake. Zima injini. Kuanzia hapa mikono yako itakuwa kati ya mpira na chuma, kwa hiyo ufunguo uwe mfukoni mwako.

Vuta ncha ya mbele ipite juu ya matairi kuelekea nyuma. Mkanda ni mzito na baridi huufanya mgumu kama ubao. Kama mkanda ulikuwa nje, ulaze ndani usiku mzima kwanza. Ncha mbili zikikaribiana, zitagoma kukutana kwa upana wa kiganja hivi. Usizipige nyundo. Kata upepo kwenye tairi la mwisho mpaka lilegee, funga mkanda wa kubania mizigo kwenye ncha zote mbili, vuta kidogo kidogo ukihakikisha kila kilindo kimeingia mahali pake, kisha pitisha pini au bolti. Jaza upepo tena na upime mzunguko kama mwanzo.

Mvutano wa mkanda unapatikana kwa upepo wa matairi, na hapo ndipo baridi inapowachanganya watu. Chukua tairi lenye psi 5 ndani ya gereji yenye nyuzi 18. Litoe nje kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, liache lipoe kabisa. Halijatoboka popote, lakini geji itasoma kama psi 2. Hewa imesinyaa tu. Kwenye gari la kawaida lenye psi 32 baridi hiyohiyo inakula kama psi 7, chini ya robo; hapa umepoteza zaidi ya nusu. Mkanda uliokuwa sawa gerejini unalegea na kuchomoka kona ya kwanza. Basi funga ndani, lakini weka upepo wa mwisho nje, gari likiwa limelala kwenye baridi, kwa geji ya upepo mdogo. Geji ya matairi ya gari la kawaida haitakusaidia, maana sindano yake inaanza kuamka pale ambapo wewe umeshamaliza.

Kupima mlegeo, laza ubao ulionyooka juu ya mkanda kutoka tairi la kwanza hadi la mwisho, uone mkanda umeshuka kiasi gani katikati. Linganisha na kitabu. Ukikaza kupita kiasi unakula beringi, ukilegeza mkanda unaruka. Endesha mita hamsini polepole kwa gia nzito, ile ya mwendo mdogo, geuka kulia na kushoto kwa upana, simama, pima tena. Mikanda mipya hunyooka saa za mwanzo, kwa hiyo rudia baada ya kazi ya kwanza.

Na tangu sasa, gia nzito ndiyo gia yako. Mikanda inaongeza mzigo kwenye belti ya gia, na ukiendesha kwa gia nyepesi utasikia harufu ya mpira unaoungua. Hiyo ni belti inateleza kwenye puli zake. Ikifikia kutoa harufu, maisha yake yameshapungua.

Kuchagua bamba

Pima sasa upana wa gari kutoka ukingo wa nje wa mkanda mmoja hadi wa mwingine. Tuseme umepata sentimita 160. Bamba la inchi 72 ni sentimita 183, na ukilitazama unaona lina nafasi ya kutosha. Lakini bamba hufanya kazi likiwa limekaa mshazari ili theluji itiririke pembeni, na kila unavyoliinamisha upana wake wa kusafisha unapungua. Kwa pembe ya nyuzi 25, hilo bamba la 183 linasafisha sentimita 166, bado uko salama. Kwa nyuzi 30 linabaki 158, na mkanda wa upande mmoja unaanza kukanyaga theluji ambayo haijaondolewa, unaishindilia iwe barafu, na gari linavutwa upande huo bila wewe kutaka. Bamba la inchi 60 kwa nyuzi 30 linabaki sentimita 132 tu. Kwa gari lililovaa mikanda mipana, hilo lisahau.

Kuhusu uzito wa kazi yenyewe, fanya hesabu ya njia yako. Njia ya mita 40 kwa 3, theluji ya sentimita 20, ni mita 24 za ujazo. Theluji kavu iliyotulia kidogo hukaribia kilo 100 kwa mita ya ujazo, hiyo ni tani 2 na nusu hivi. Ikilowa, ile ya Machi inayoshikana kama ugali, inafika kilo 300 au zaidi, na njia ileile sasa ina zaidi ya tani 7. Ndiyo maana nasisitiza kutoka kusafisha ikifika sentimita kumi. Ukisubiri theluji yote ikome, unaliua gari.

Kufunga fremu ya kusukumia

Fremu ya kusukumia ifungwe kwenye chuma cha gari, chini na karibu na katikati iwezekanavyo, si kwenye ngao ya mbele peke yake. Gari linalogeuka kwa kuzuia upande mmoja linamchukia mtu anayeweka mzigo mbali mbele ya pua, kwa sababu bamba linakuwa mpini mrefu unaokataa kugeuka. Kila sentimita unayoirudisha bamba nyuma utaihisi mikononi. Acha tu nafasi ya kutosha ili likiwa limeinamishwa hadi mwisho lisiguse mkanda. Jaribu kwa mkono pande zote mbili, juu na chini, kabla ya kukaza chochote.

Tumia bolti ngumu, daraja 10.9 au grade 8, pamoja na nati za kujifunga. Kama kifaa chako kinakutaka utoboe bodi, toboa juu ya mstari wa maji, na kabla ya kutoboa piga alama, ingia ndani, hakikisha nyuma yake hakuna waya, bomba la mafuta wala cheni. Weka pete (washa) ya mpira nje, nyingine ndani, na bamba la chuma nyuma yake ili nguvu isambae.

Silikoni haikusaidii hapa. Nimeona magari yaliyopakwa silikoni kuzunguka kila bolti kama keki, na yote yanavuja. Polithilini haishikani na silikoni; aliyewahi kujaribu kuziba ufa kwenye tangi la maji kwa gundi ya dukani anaelewa ninachosema. Inakauka vizuri, inapendeza, halafu unaivua kwa ukucha kama ganda. Kinachozuia maji ni mpira uliobanwa kati ya nyuso mbili. Ukimaliza, mwenzako amwage maji kwa bomba kutoka nje, wewe ukae ndani na tochi ukitazama kila bolti kwa zamu.

Winchi ya kuinulia

Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza, uurudishe mwisho. Kontakta ya winchi, yaani swichi yake kubwa ya umeme, ikae mahali pakavu juu ndani ya bodi, na weka kikata umeme karibu na betri, si karibu na winchi, ili waya ukichunika njiani usiwashe moto ndani ya beseni la plastiki lenye petroli.

Kamba iwe ya sintetiki ya winchi au mkanda mfupi wa plau badala ya waya wa chuma. Kuinua plau ni kuvuta na kuachia kipande kilekile kifupi mara mia kwa asubuhi moja, na waya wa chuma hukunjika hapohapo mpaka unakatika nyuzi. Ukishusha bamba, endelea kuachia kamba kidogo ili ilegee: bamba lifuate ardhi lenyewe. Kamba ikibaki imekazwa, bamba linaning'inia na kuacha tabaka nyuma.

Viatu vya bamba, vile visahani viwili vya chini, viweke sentimita mbili hadi tatu kwenye njia ya kokoto, la sivyo Aprili utazikusanya kokoto zako kwenye majani. Kwenye lami viweke chini zaidi. Springi za bamba zikazwe kiasi kwamba bamba lipige magoti likigonga jiwe, lisilale kila likikutana na theluji nzito. Lijaribu kwa kulisukuma polepole dhidi ya gogo ukiwa kwenye gia nzito.

Namna ya kusukuma

Nyooka. Sukuma ukiwa umenyooka, inua bamba, ndipo ugeuke. Kugeuka huku bamba limejaa kunachosha breki za upande zinazogeuza gari na kunapindisha fremu. Kwenye lami kavu iliyokwisha kusafishwa, geuka kwa upana, maana mpira wa mikanda unasagika ukizungushiwa mahali pamoja.

Theluji ya kwanza ya msimu ipeleke mbali kuliko unavyohitaji. Kingo zikishaganda hazisogei tena mpaka masika, na kila theluji mpya inabana njia. Aliyeanza na mita tatu kamili Desemba anabaki na mbili Februari. Usiivushe barabara ya umma wala kuiacha humo. Hapa Ontario sheria ya barabara inakataza kumwaga theluji barabarani bila kibali.

Ziwani ni habari nyingine

Wengi wanaofunga mikanda na plau pamoja wanataka kufungua njia ya kwenda kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, iwe ziwa kubwa kama Nipissing au ziwa dogo la kijijini. Theluji ni blanketi. Ukiiondoa, barafu ya chini inaendelea kunenepa haraka, na hilo ni jema. Lakini ulichoondoa umekirundika kingoni, na rundo hilo linaikandamiza barafu mpaka inapinda na kupasuka kandokando ya njia. Maji yanapanda kupitia nyufa, yanajificha chini ya theluji, na mikanda ikiyakanyaga inajaa uji unaoganda ndani ya dakika chache. Sambaza theluji kwa upana, usijenge ukuta, na mwaka unapoendelea hamisha njia.

Toboa barafu kila hatua kadhaa upime. Kwa barafu safi ya buluu, mwongozo wa Ontario ni angalau sentimita 20 kwa pikipiki ya theluji na 30 kwa gari dogo la barabarani. Mimi gari lenye mikanda, plau, watu wawili na mafuta nalihesabu kama gari hilo la barabarani. Barafu nyeupe ina nusu ya nguvu, kwa hiyo idai unene mara mbili.

Wako wanaosema, "Si linaelea?" Linaelea likiwa na mzigo ulioandikwa kwenye kibao chake. Pima bamba, fremu, winchi na mikanda kwenye mizani, toa kwenye mzigo huo, uone kilichobaki kwa ajili ya watu. Na uzito wa bamba uko puani, kwa hiyo gari likitumbukia litainamisha pua kabla ya nyuma kufika majini. Bamba livuliwe kabla ya kuingia majini kwa makusudi. Tumia pini za kuchomoa haraka, uzipake grisi. Vaa jaketi la kuokolea juu ya koti.

Halafu kuna vizibo vya chini ya bodi. Majira haya wengi huvitoa ili theluji inayoyeyuka kwenye viatu itoke, kwa sababu maji yakiganda ndani hushika cheni na pampu ya kutolea maji. Mimi vyangu nimevifunga kamba nyekundu kwenye mpini wa kuendeshea. Ninapoukamata mpini kwenda ziwani, kamba ziko mkononi, na gari haliondoki mpaka vizibo viwe chini kwenye matundu yake.

Kila ukirudi, kabla gari halijapoa, gonga theluji itoke ndani ya mikanda kwa mti au plastiki, usitumie chuma. Lisogeze mbele na nyuma mara mbili, kisha liegeshe juu ya mbao. Likiachwa kwenye uji wa theluji, asubuhi mikanda imeganda ardhini, na ukilazimisha gia, unaweza kukata cheni.